Sauti Ikikatika, Kikao cha Baraza Bado ni cha Hadhara?

SWALI: Wakati wa mafuriko ukumbi wa halmashauri yetu ulifungwa, madiwani wakakutana kwa video na kupitisha ada mpya. Maoni yetu tulitakiwa kuyatuma kwa maandishi siku moja kabla. Mjadala ulipofika kwenye ada sauti ilikatika, na iliporudi mwenyekiti alikuwa ameshahamia ajenda nyingine. Je, uamuzi huo ni halali?

JIBU: Jibu linategemea sheria inayoongoza baraza lenu, na swali la kwanza ni kama baraza lilikuwa na mamlaka ya kukutana kwa njia hiyo, kwa sababu dharura peke yake haileti mamlaka. Mabaraza ya England yaliruhusiwa kukutana kwa mbali kwa kanuni maalumu zilizoanza tarehe 4 Aprili 2020. Ruhusa hiyo ilipokaribia kukoma Mei 2021, Baraza la Kaunti ya Hertfordshire na wenzake waliiomba Mahakama Kuu itamke kwamba sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 inatosha kuruhusu vikao vya mbali; mahakama ilikataa, ikisema sheria hiyo inawataka madiwani wawepo ana kwa ana. Basi ombeni muoneshwe kifungu kilichotumika, si tangazo la kufunga ukumbi.

La pili, ambalo naliona zito zaidi, ni kama wananchi walikuwamo kikaoni. Jimbo la California nchini Marekani lilikuwa na kanuni, zilizotumika kuanzia 2021 hadi mwisho wa 2023, ambazo zingelibana baraza kama lenu pande zote mbili mlizolalamikia. Matangazo yakikatika, baraza halikuruhusiwa kuamua jambo lolote lililo kwenye ajenda mpaka yarejee, na uamuzi uliopitishwa katika pengo hilo uliweza kupingwa. Vilevile baraza halikuruhusiwa kudai maoni yatumwe mapema tu; mwananchi alipaswa kupewa nafasi ya kusema wakati kikao kinaendelea. Hata uhalali wa kuendelea kukutana kwa mbali ulipaswa kupitiwa upya kila baada ya siku 30, jambo la busara, maana mabaraza mengine huzoea starehe ya kutotazamana na wapiga kura.

Kuhusu kura, jimbo la Illinois linataka kila mjumbe wa kikao cha mbali aitwe kwa jina na kura yake iandikwe. Sauti za "ndiyo" zilizochanganyika kwenye spika hazimwoneshi mtu nani aliunga mkono ada.

Mwandikieni katibu wa baraza mapema, kwa kuwa muda wa kupinga uamuzi kwa kawaida ni mfupi. Ombeni muhtasari, rekodi ya kikao na orodha ya kura, kisha linganisheni dakika ambayo sauti ilikatika na dakika ambayo kura ilipigwa. Zikilingana, ombeni kwa maandishi ajenda hiyo irudiwe katika kikao kilicho wazi.