Mkimya na msemaji kwenye dawati moja

Wadogo zangu mnaotoka shule za msingi za serikali, mmemaliza darasa la saba mkijua moyo una vyumba vinne na damu inazungukaje. Januari mnaingia kidato cha kwanza, mwalimu wa baiolojia anaeleza moyo uleule kwa Kiingereza, nanyi mnatazamana. Hamjawa wajinga ghafla. Lugha imebadilika, basi.

Mimi nilikuwa mkimya. Jirani yangu wa dawati alikuwa msemaji, na wiki ya kwanza tu alichapia mbele ya darasa zima: "My mother, he is a nurse." Tukaangua kicheko, naye akacheka nasi, akaendelea na hadithi yake. (Kosa lenyewe lina asili: "yeye" wetu ni baba na ni mama, ulimi haujazoea kuchagua.) Mimi nilijua jibu sahihi, nikalimeza.

Nikaamini yeye ana kipaji, mimi sina. Nikajilazimisha kuwa kama yeye, nikajiandikisha kwenye mdahalo, nikasimama, maneno yote yakayeyuka. Kilichoniokoa ni kupunguza wasikilizaji. Nilisoma kwa sauti peke yangu, halafu na rafiki mmoja jioni, dakika kumi tu, halafu tukawa watatu. Mkimya asianzie jukwaani.

Daftari ndilo lilikuwa silaha yangu, ingawa mwanzoni nilikosea: neno la Kiingereza kushoto, maana kulia, kisha kukariri. Sisi "tunafanya kosa" na "tunafanya kazi ya nyumbani", kitenzi kimoja. Kiingereza kinasema "make a mistake" lakini "do homework". Orodha ya maneno pweke haikuonyeshi hilo. Andika sentensi nzima.

Msemaji naye asitambe. Kwa kuwa kila mtu alimwelewa, hakuna aliyemsahihisha, na hadi kidato cha tatu mama yake alikuwa bado "he". Kwenye mtihani wa kuandika uchangamfu haukumsaidia kitu.

Mwaka 1975 mtafiti Joan Rubin alieleza sifa za wanaojifunza lugha vizuri: hubahatisha bila woga, hawajali kuonekana wajinga, hutafuta kila nafasi ya kuzungumza, tena huchunguza muundo wa lugha na kusikiliza makosa yao wenyewe. Nilipoisoma orodha ile nikacheka. Nusu yake alikuwa jirani yangu, nusu nyingine nilikuwa mimi.

Tulikuwa tumeshaligundua kwa njia yetu. Kidato cha tatu tulipatana: kila "he" ikimponyoka, nagonga dawati kwa kidole, nami nilidaiwa kusema sentensi moja ya Kiingereza kwa sauti, kila siku kabla ya kengele ya mapumziko. Nikishindwa, namnunulia andazi. Muhula ule alikula maandazi mengi sana.