Imani Haipimwi kwa Kibaba: Kwako Mwalimu Mpya wa Darasa la Ubatizo

Umeshakabidhiwa chaki na daftari la mahudhurio. Hongera, na pole. Mimi nilikabidhiwa vivyo hivyo, kwenye banda la makuti nyuma ya kanisa letu hapa Malindi, nikaambiwa nianze na somo la imani na wokovu. Nikajiona nimepewa jepesi. Waefeso 2:8 nilikuwa naisema hata usingizini. Mwaka huohuo nikafanya kosa ambalo nikilikumbuka bado nashika kichwa, na nakusimulia usije ukalirudia.

Kulikuwa na mama mmoja, muuza mahamri na mbaazi. Darasa hakukosa hata siku moja, ila alikuwa akichelewa, anaingia kwa kunyata na mikono inanukia iliki. Siku ya kuwahoji kabla ya ubatizo nikamuuliza, "Imani ni nini?" Nilikuwa nataka Waebrania 11:1, neno kwa neno: "Imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Akaanza vizuri, akakwama kwenye "bayana". Akarudia, akakwama palepale. Mwisho akafuta jasho kwa ncha ya leso akasema, "Mwalimu, maneno hayo yananipotea. Ninalojua mimi, nimemshika Yesu nguo, na siachi." Nikaandika kwenye daftari: arudie mwaka ujao. Hakurudi.

Mzee wa kanisa alipopata habari aliniita. Hakufoka. Alifungua Marko 5, habari ya yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, aliyepenya katikati ya watu akagusa vazi la Yesu, akaniambia nisome kwa sauti mpaka pale "Binti, imani yako imekuponya." Kisha akaniuliza, "Hapo umeona ameulizwa bayana?" Nikanyamaza.

Baadaye, nilipoanza kusoma vitabu vya ufafanuzi, nikakuta jambo ambalo lingenisaidia mapema. Maneno aliyoambiwa mwanamke yule, kwa Kigiriki, ni yaleyale aliyoambiwa mwanamke mwenye dhambi katika Luka 7, ambaye hakuwa mgonjwa. Watafsiri wetu wameandika "imekuponya" kwa mmoja na "imekuokoa" kwa mwingine, na wote wawili hawakuwa na ufafanuzi wowote wa imani mkononi. Mmoja alikuwa na pindo la nguo, mwingine machozi na marhamu.

Kwa hiyo kabla hujafundisha lolote, sikiliza neno "imani" linaingiaje masikioni mwa watu wako. Huku pwani tukisema "yule hana imani" tunamaanisha hana huruma. Sasa simama mbele ya darasa useme "tunaokolewa kwa imani" uone wangapi wanaelewa kwamba tunaokolewa kwa moyo wa huruma. Kijana mmoja kutoka Mambrui aliniambia wazi, "Basi jirani yangu ameshaokoka zamani, maana mtaa mzima hakuna mwenye imani kama yeye." Hakuwa anatania. Wengine wanasikia "imani" kama kukubali kwamba Mungu yupo. Hapo usipoteze wiki tatu kumthibitisha Mungu. Katika mji huu hata mlevi akijikwaa anamtaja. Wapeleke moja kwa moja Yakobo 2:19, kwamba mashetani nao wanaamini Mungu ni mmoja, na kutetemeka juu yake. Wakishaisoma hiyo darasa hutulia.

Neno linalonisaidia mimi ni amana. Amini, amana, uaminifu, hata ile "amina" tunayomalizia sala, mzizi wake ni mmoja. Anayesafiri kwenda kutafuta kazi Saudia akaacha fedha za karo ya watoto kwa mwenye duka, hakuishia kuamini kwamba mwenye duka yupo. Amemkabidhi, na usiku analala. Wokovu anaouhubiri Paulo uko upande huo: mtu anajikabidhi kwa Kristo, pamoja na dhambi zake na kifo chake.

Lakini mfano nao una meno, utakuuma usipouangalia. Mwaka fulani tulitoka Malindi na kwaya kwenda Lamu. Pale Mokowe tukapanda boti kuvuka. Kusi ilikuwa imechafua maji. Mama mmoja alishika ukingo kwa mikono miwili mpaka vidole vikabadilika rangi, na mbele yake kijana wa besi amelala mdomo wazi. Tulifika gatini Lamu wote dakika ileile. Nikaona nimepata somo: mwenye imani tele na mwenye imani haba wanavushwa na chombo kilekile. Niliporudi nikalifundisha kwa mbwembwe. Mvuvi mmoja wa darasa langu, ambaye kwa kawaida hasemi, akainua mkono. "Mwalimu, na chombo kikiwa na ufa? Mimi nimeona waliolala wakazama."

Nilibabaika, lakini alikuwa ameshika jambo lenyewe kuliko mimi. Imani haiokoi kwa uzito wake. Ukimuuliza mwanafunzi ana imani kiasi gani, unamfanya ageuke ajitazame mwenyewe, na huko atakuta woga tu. Muulize amejikabidhi kwa nani. Baba wa yule mtoto katika Marko 9 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akapona siku hiyohiyo, nusu imani na nusu shaka.

Na huku kwetu swali la chombo chenye ufa si la kubuni. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi hii hii, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Watu walikuwa wameambiwa wafunge kula mpaka wafe, wakakutane na Yesu. Miili ililetwa mochari hapa mjini, na sote tunakumbuka siku zile. Ukifundisha imani Malindi bila kuligusa hilo, wanafunzi wataligusa wenyewe wakishatoka nje. Ila lishike kwa adabu. Inawezekana aliyeketi benchi la nyuma ana shangazi yake kule. Usiseme wale hawakuwa na imani. Ukipima kwa kibaba, walikuwa nayo kutushinda. Walichonyang'anywa ni yule wa kumwamini: neno la mtu liliwekwa mahali pa Kristo, kisha njaa ikafanywa nauli ya mbinguni. Injili inasema nauli imeshalipwa. Yeyote anayekudai uilipe tena, kwa njaa, kwa fedha au kwa kuacha dawa zako za sukari, mkimbie. Mimi sentensi hiyo naisema polepole, halafu naisema tena.

Matendo sasa, maana swali la kama matendo nayo yanaokoa litakuja tu, na mara nyingi litaletwa na yule mwenye baba Mkatoliki na mama wa Kipentekoste. Usimtupie Luther, yule aliyeanzisha Uprotestanti, na mwaka wake 1517 kichwani. Nilichojifunza ni kuandika ubaoni namba tatu: 15, 17, 22. Ni sura za Mwanzo. Katika sura ya 15 Abrahamu anamwamini Mungu, naye anahesabiwa haki, yaani anakubaliwa na Mungu. Katika 17 anatahiriwa. Katika 22 anampeleka Isaka mlimani. Paulo, katika Warumi 4, anakaa sana kwenye 15 na kusisitiza kwamba 17 ilikuwa bado. Yakobo anatazama 22 na kusema hapo ndipo ile imani ilipokamilishwa. Acha wanafunzi wenyewe wazungushe vidole kati ya namba hizo. Wataona kwamba Paulo anamzuia mtu asinunue haki, na Yakobo anamzuia mtu asimwambie mwenye njaa "kashibe" huku ameshika mkate.

Warumi 4:4, ujira na neema, nilifundishwa na mwanafunzi. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni. Nilikuwa nazunguka na maneno makubwa makubwa, akanikatiza: "Jumamosi nikipanga foleni ya mshahara, yule karani hanifanyii hisani. Ni jasho langu, na akichelewesha nampigia kelele. Lakini nilipougua mwezi mzima, mtu akanilipia kodi ya nyumba, nilikosa la kusema." Sijapata ufafanuzi unaoushinda huo, na nautumia kila mwaka.

Ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti juu ya jambo hili upitie haraka. Luther alipotafsiri Warumi 3:28 alitia neno "tu", kwa imani tu, na wapinzani wake wakamshika kwa neno hilo, maana mahali pekee Maandiko yanapotaja imani peke yake ni Yakobo 2:24, tena kwa kukanusha. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ukatoa tamko lake mwaka 1547. Kisha, tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri wakatia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Hawakumaliza tofauti zote. Ila yule mwanafunzi anayelala nyumba moja na baba na mama wanaobishana, mwambie tarehe hiyo. Nimeona mmoja akiinakili kwenye kiganja.

Jambo jingine utakalokutana nalo ni "umeokoka?" Kenya nzima tunaulizana hivyo kama salamu. Kiswahili kimetupa silaha nzuri hapa, tumia viambishi. Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa", -me-. 1 Wakorintho 1:18 inasema sisi "tunaookolewa", -na-. Na Warumi 5:9 inasema "tutaokolewa", -ta-. Atakayeshika -me- peke yake atavimba kichwa, na wa -ta- peke yake hatalala.

Atakuja pia anayelia kwamba imani yake imepoa. Huyo mimi humpeleka kutembea mpaka kile kikanisa kidogo cha Wareno karibu na bahari, chenye makaburi uani. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari wa Kikatoliki, alishuka Malindi akiwa njiani kwenda Goa, na katika barua yake ameeleza kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu wa mji huu alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa na watu, akamuuliza kama kwao Wakristo nako ibada imepoa hivyo. Nikishamsimulia hivyo, tunakaa kwenye ukuta kidogo tupigwe na upepo. Sijui kwa nini, lakini wengi hurudi wamechangamka.

Ubatizo wenyewe, sisi tunabatiza baharini, kwa hiyo angalia maji. Usipange tarehe kwa kalenda ya ukutani. Siku za bamvua maji yakipwa utawatembeza wazee kwenye mwani na matope mpaka wakome. Ulizia wavuvi.

Na katika kuhoji, siku hizi siulizi tena imani ni nini. Nauliza, "Umemkabidhi nani nafsi yako, na ulianzaje kumfahamu?" Halafu nanyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Daftari silifungui.

Yule mama alibatizwa kanisa jingine, nasikia mwaka uleule. Bado nanunua mahamri kwake. Ananifungia kwenye gazeti, ananiongezea moja bila kuombwa, na kila mara, mbele ya wateja wote, ananiuliza, "Mwalimu, ile bayana umeipata?"