Maswali ya wasomaji: Tingatinga alifundishaje?

SWALI: Shikamooni. Nafundisha sanaa katika sekondari moja hapa Songea. Wanafunzi wangu wamechora picha za mtindo wa tingatinga kwenye hadibodi, lakini rangi imejikunja kama utando wa maziwa, na picha nyingine wiki imepita bado zinanata. Tumekosea wapi? Na Edward Tingatinga mwenyewe, mchoraji aliyeanzisha mtindo huo, ambaye hakuwa na darasa, aliwafundishaje wenzake? — Mwalimu, Songea

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tuanze na rangi, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Rangi ya mafuta, ile ya milango na baiskeli, haikauki kama nguo kwenye kamba. Tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, ikisharuka, rangi yenyewe hukazwa na hewa, kuanzia juu kwenda chini. Mkipaka nzito, juu hufunga na chini hubaki mbichi. Ule utando wa juu unatanuka, hauna pa kwenda, unajikunja. Jua kali huharakisha balaa hilo, kwa hiyo anikeni kivulini penye upepo. Ulizeni pia ni tina gani mliyonunua. Tina kali ya rangi za magari huamsha rangi ya chini hata kama ilishakauka, takeni tapentaini.

Hadibodi nzima ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na hicho ndicho kipimo kilichozoeleka. Chorea upande laini. Pitisha msasa namba 220, kidogo tu, rangi ipate pa kushika, kisha ufute vumbi. Paka mgongo na kingo kwanza: hadibodi hunywa maji, na masika kingo tupu huvimba hadi picha ipinde. Halafu paka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, mikono miwili myembamba, ukiacha angalau siku nzima kati ya mkono na mkono. Kwa mwili wa mnyama, sehemu 10 za rangi kwa 1 ya tapentaini zinatosha. Ukizidisha, mng'ao unakufa na rangi inachuruzika. Madoa ya chui, manyoya na mboni za macho huja mwisho kabisa, kwa brashi nyembamba.

Kabla ya kila hatua bonyeza pembeni kwa kidole gumba huku ukikizungusha kidogo. Alama ikibaki, subiri. Hizo zilizojikunja msizipake juu. Ziacheni zikauke hadi ndani, zikwangueni kwa wembe, pigeni msasa, muanze upya.

Sasa kuhusu mafunzo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu! Lakini wakati huo alikuwa tayari amewaketisha kando yake ndugu na jamaa, wakiwemo January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo, Omari Amonde na Simon Mpata, ambaye baadaye alifanyia kazi yake Kenya. Walijifunza kwa kutazama mkono wake na kuufuata. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu mtindo haukuzikwa naye: kila mmoja aliijua kazi kuanzia ubao mtupu, na mwaka 1990 warithi wao wakaandikisha chama cha ushirika.

Darasani kwako fuata ngazi hiyohiyo. Wiki ya kwanza usuli peke yake, bila mnyama. Ya pili umbo moja la rangi moja, wakinakili kazi yako waziwazi. Madoa wiki ya tatu. Mnyama wa kubuni mwenyewe aje baada ya hapo, mkono ukishatulia. Tunajua watoto watalalamika, vumilia.

SWALI: Ni kweli mtindo huu umepewa jina la trekta? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana. Ni jina la mtu, huyohuyo tuliyemtaja hapo juu.

SWALI: Nimeuziwa picha ya kitambaa yenye sahihi "E. S. Tingatinga". Nitajuaje kama ni yake? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, kitambaa chenyewe kinatutia shaka. Kazi zake tunazozijua ni za ubao: mara nyingi mnyama au ndege mmoja mkubwa, usuli wa rangi moja, nafasi tele. Picha zilizojaa watu, mabasi na masoko zilishamiri baada yake. Sahihi haithibitishi kitu, kwa kuwa jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na wapo wanaoghushi.

Hata kama si yake, itunze. Usiikunje kama kanga, kwani rangi hii ikizeeka huwa ngumu na hukatika kwenye mikunjo. Ikibidi kusafiri nayo, izungushe kwenye bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje, na uifunike kwa karatasi laini. Na usijaribu kuisugua kwa tina ili kuona kilicho chini.