Kubuni molekuli kutoka mawese kwa kompyuta: yanayowakwaza wanaoanza

Kwa aliyeko Kigoma, mawese ni pa kuanzia pazuri. Karibu asilimia 44 ya asidi zake ni palmitiki, 40 oleiki, 10 linoleiki. Palmitiki hiyo ndiyo inayofanya chupa ya mawese igande nusu asubuhi ya Juni. Tuseme unatafuta kilainishi cha mashine kisichoganda: kompyuta inakusaidia kuchagua asidi ipi iunganishwe na alkoholi ipi kupata esta.

Molekuli huandikwa kwa SMILES, yaani mstari wa herufi na alama unaoonyesha muundo wake. Oleiki ni CCCCCCCC/C=C\CCCCCCCC(=O)O. Usiidharau mikwaju hiyo miwili (/ na \). Ukiifuta, kompyuta haitofautishi oleiki, inayoyeyuka karibu nyuzi 13, na pacha wake elaidiki, karibu nyuzi 44. Data nyingi huja bila mikwaju, kwa hiyo zikague kwanza. Kagua pia kama nyuzi ni za Selsiasi au Kelvini.

Mtego mkubwa uko kwenye fingaprinti, yaani orodha ya namba zinazoeleza vipande vilivyomo kwenye molekuli. Wengi hufungua RDKit, programu ya kemia ya kompyuta, hutengeneza fingaprinti aina ya Morgan ya rediasi 2 (vipande vya hadi bondi mbili kuzunguka kila atomu) na biti 2048 (nafasi za 0 au 1), kisha humwaga zote kwenye modeli inayojifunza kukisia nyuzi za kuyeyuka. Kwa dawa zenye pete nyingi si mbaya. Kwa minyororo mirefu ya mawese inaharibu kazi, maana biti husema kipande kipo au hakipo, haisemi vipo vingapi. Methili palmitati na methili stearati hutoka sawasawa biti kwa biti, ilhali moja huyeyuka karibu nyuzi 30 na nyingine karibu 39. Tumia fingaprinti inayohesabu, au ongeza safu za idadi ya kaboni, matawi na bondi maradufu. Laptopu ya RAM 8 GB inatosha kabisa.

Ukipima modeli, usigawe data ya kufundishia na ya kupimia kwa bahati nasibu: ndugu wa esta ileile watakuwa pande zote mbili na utajisifu bure. Kugawa kwa viunzi vya pete nako hakusaidii, kwani hapa hakuna pete na zote huangukia kundi moja. Weka pembeni esta zote za asidi moja, ufundishe kwa zilizobaki.

Achana kwanza na programu zinazobuni zenyewe. Asidi 4 mara alkoholi 20 ni esta 80, na zote zinatengenezeka. Alkoholi yenye tawi huvuruga mpangilio wa fuwele: isopropili palmitati hushuka hadi karibu nyuzi 13. Modeli itapenda pia linoleiki, lakini hiyo hushika oksijeni haraka na kuchacha, hivyo ipunguzie alama.

Peleka maabara tano za juu, pamoja na moja iliyokataliwa na modeli.