Bodi ya RISC-V inawaka lakini skrini ni nyeusi: anza na waya wa serial

Assalamu alaykum ndugu yetu wa Malindi. Umeeleza kwamba umenunua bodi ya VisionFive 2, kompyuta ndogo ya bodi moja yenye kichakataji cha RISC-V, ukaandika kisakinishi cha Debian 13, mfumo wa Linux, kwenye kadi, ukaiunganisha na runinga kwa HDMI, taa ikawaka lakini skrini ikabaki nyeusi, na sasa unakusudia kumrudishia aliyekuuzia. Nakuomba usifanye haraka. Mimi ninayo bodi ya aina hiyo hiyo hapa Langoni, Lamu, ambayo imehifadhi masomo ya madrasa ili vijana wayapate bila intaneti, na kabla haijafika huko ilinikalia mezani siku nne nikidhani imekufa, kumbe kila siku ilikuwa ikizungumza na mimi ndiye niliyekuwa sisikilizi.

Sababu ya kwanza ya skrini yako kuwa nyeusi huenda isiwe kosa kabisa. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya 6.12 inayokuja na Debian 13 haina kiendeshi cha HDMI kwa chipu ya JH7110 iliyo kwenye bodi hiyo, kwa hiyo hata mfumo ukiwaka salama salimini, runinga haitaonyesha kitu. Bodi hizi husomwa kwa njia ya serial, yaani waya unaopeleka maandishi ya bodi kwenye kompyuta nyingine. Tafuta kibadilishi cha USB kwenda serial cha volti 3.3, wala usikubali kuuziwa cha volti 5, kwa kuwa pini za bodi hazikuundwa kuistahimili. Unganisha ardhi ya kibadilishi na pini ya 6, kisha waya wa kupokea uende pini ya 8, ambayo ndiyo bodi hutumia kutuma, na waya wa kutuma uende pini ya 10. Waya wa umeme uache ukining'inia, kwa sababu bodi ina chaja yake. Mimi siku ya kwanza niliunganisha kutuma kwa kutuma na kupokea kwa kupokea, nikakesha hadi adhana ya alfajiri nikitazama terminali tupu. Kasi ni 115200; kwenye Linux andika picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0, na kwenye Windows PuTTY inatosha.

Waya ukishakaa sawa, utaona kuwa bodi haiwaki kwa mkupuo mmoja, bali hupokezana. Ndani ya chipu kuna programu ndogo isiyofutika, ambayo hutazama swichi mbili ili ijue pa kuanzia. Hiyo huita sehemu ya kwanza ya U-Boot, programu ya kuwashia mfumo; sehemu hiyo huitwa SPL, ambayo kazi yake kubwa ni kuiamsha RAM. SPL humpokeza OpenSBI, anayebaki na mamlaka ya juu kabisa ya kichakataji na kuihudumia kerneli kwa chini. Kisha huja U-Boot yenyewe, nayo ndiyo inayotafuta kerneli kwenye kadi. Faida ya kuujua mpangilio huu ni kwamba mstari wa mwisho uliouona hukuonyesha aliyeshindwa. Ukiona jina la OpenSBI limeandikwa kwa herufi kubwa za michoro, fahamu kwamba RAM ni nzima na swichi ziko sawa, hivyo acha kuzigusa.

Swichi hizo ndizo zilizonila siku ya pili. Ni ndogo kuliko punje ya mchele, na maandishi yake yanahitaji miwani. Zote mbili zikiwa 0, bodi huanzia kwenye flashi yake ya ndani, yaani hifadhi ndogo iliyo kwenye bodi yenyewe. RGPIO_0 ikiwa 1 peke yake, huanzia kwenye kadi. RGPIO_1 ikiwa 1 peke yake, huanzia kwenye eMMC, hifadhi nyingine inayopachikwa kwenye bodi. Na zote zikiwa 1, husubiri kulishwa kwa serial, ukaona herufi C zikijirudia bila kikomo. Watu wengi huziona C hizo wakadhani bodi imeharibika, ilhali inasubiri tu itumiwe faili kwa XMODEM, njia ya kupeleka faili kupitia waya wa serial. Kwa matumizi ya kila siku weka flashi, yaani 0 na 0, hata kama mfumo wenyewe uko kwenye kadi, kwani U-Boot iliyo kwenye flashi itaifikia kadi bila taabu.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo langu, na nahisi huenda ni lako pia. Bodi yangu ilikuwa imekaa ghalani muda mrefu, na U-Boot iliyokuwemo kwenye flashi ilikuwa ya zamani mno kuweza kuanzisha mfumo mpya. Nikawa nabadilisha kadi, naandika upya, nabadilisha tena, na kumbe kadi zote zilikuwa nzima. Dawa yake ni kuandika kwenye kadi ile imeji ndogo ya kusasisha inayotolewa na watengenezaji wa chipu, kuzigeuza swichi ziwe za kadi, kuwasha, halafu kutumia amri ya flashcp kuweka SPL na U-Boot mpya kila moja mahali pake. Soma kwanza faili la /proc/mtd, linaloorodhesha sehemu za flashi, ili ujue sehemu zinaitwaje kwenye toleo lako, usinakili namba kutoka maelezo ya mtu mwingine, mimi nikiwemo. Hakikisha pia umeme hautakatika katikati. Mimi niliitegemeza bodi kwenye betri ya sola, maana kwetu huku huwezi kuuamini umeme wakati wa magharibi.

Usishangae kwamba usumbufu huu haupo kwenye kompyuta za kawaida. RISC-V, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ilifungua orodha ya amri za kichakataji ili yeyote aunde chipu bila kulipia leseni. Haikulazimisha bodi zifanane. Ndiyo maana kerneli hupewa faili linaloitwa mti wa vifaa, linaloieleza kila kifaa kiko anwani gani. Ukiipa la bodi nyingine, itawaka nusu njia na kunyamaza.

Ikiwa kerneli itawaka kisha ilalamike kwamba haioni mfumo wa mafaili, tazama mstari wa root kwenye mipangilio ya uwashaji. Majina kama mmcblk0 na mmcblk1 hubadilishana kati ya kadi na eMMC kutoka kerneli moja hadi nyingine, kwa hiyo tumia PARTUUID, namba ya kipekee ya kila sehemu ya hifadhi. Na ukikuta apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, inakataa saini za vifurushi, rekebisha tarehe kwanza, kwa sababu bodi hii haina betri ya kutunza saa.

Jambo moja la watu wa pwani: kabla ya kulaumu programu, zipanguse pini kwa spiriti. Chumvi ya hewani ilikuwa imeanza kuzitia kutu zangu kabla mwaka haujaisha.

Ukiunganisha waya, weka hapa mistari yote kuanzia unapowasha hadi inaponyamaza, pamoja na picha ya swichi iliyopigwa kwa karibu.