Ada Iliondoka, Ndege Wakabaki

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Katika eneo lenu, jamii inafanya nini ili watoto wabaki shuleni badala ya kufanya kazi za shamba? Na serikali isaidie wapi?" Nimelisoma swali hilo nikiwa nimekaa kando ya mfereji hapa Ahero, nikingoja zamu yangu ya maji. Ninajibu kwa sababu mimi ni mmoja wa wazazi waliomtoa mtoto darasani. Natanguliza hilo ili asije mtu akadhani nimesimama mimbarini.

Kwetu kazi inayomtoa mtoto shuleni si kulima wala kuvuna. Ni kuwinga ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Mpunga ukishatoa masuke na punje zikaanza kuingia maziwa, mpaka siku ya kuukata, hupita karibu mwezi mzima, na mwezi huo ni wa kwelea kwelea. Ndege mwenyewe ni mdogo, anatoshea kiganjani, na kwa siku hula gramu 10 hivi. Hilo halimtishi mtu mpaka apige hesabu ya kundi: wakifika milioni 2, ni tani 20 kwa siku moja. Mwanzoni mwa 2023 waliposhambulia mashamba ya mpunga hapa Kisumu, habari zilivuka mpaka nje ya nchi, na watu wakatupigia simu kutupa pole kama waliofiwa. Tulishukuru. Lakini mradi huu wa umwagiliaji upo tangu mwisho wa miaka ya 1960, na hao ndege si wageni wa juzi.

Kwelea ana saa zake. Huja kunapopambazuka, hujificha kwenye miti jua likiwa kali, kisha hurudi alasiri hadi magharibi. Hapo ndipo mzazi anaponasa. Unajiambia: awinge asubuhi, saa mbili na nusu akimbie shule, jioni arudi shambani, mchana wote atakuwa amesoma. Ndivyo nilivyojiambia mwaka 2016, kijana wangu wa pili akiwa darasa la sita. Alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kipande cha bati cha kugonga na kijiti cha kurushia matope. Alifika darasani miguu imekauka tope hadi magotini, akalala juu ya dawati. Saa tisa alikuwa keshatoroka. Rejista ilisema yupo. Wiki ya tatu hata rejista ikaacha kusema hivyo, nami sikumuuliza kitu, kwa sababu jibu nililijua na lilikuwa linanifaa.

Tena majira yenyewe hayana huruma. Ukipanda Agosti, masuke yanajaa kati ya Oktoba na Novemba, na hapo hapo ndipo KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipokuwa ikifanywa, hadi ilipofikia mwisho 2023. Mtoto wa darasa la nane aliitwa na mtihani na ndege katika wiki zile zile.

Wapo watakaouliza: si elimu ya msingi ni bure? Ni bure kweli. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la sita kwa kukosa ada, nikapelekwa majarubani, kwa hiyo Januari 2003 serikali ilipofuta ada nilipiga vigelegele kuliko wengi. Madarasa yalijaa hadi watoto wakakaa chini. Lakini ilipofika Oktoba, madawati yakapungua watu. Ada iliondoka, ndege wakabaki. Hakuna aliyekuwa ametuuliza ni nani angesimama shambani badala ya huyo mtoto.

Mabaraza tumeitiwa mengi. Chifu alisoma Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 53, kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, tena alindwe dhidi ya kazi za hatari na za kunyonya. Akasoma na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayomtia mzazi hatiani asipompeleka mtoto shule. Tuliitikia, tukapiga makofi, kesho yake alfajiri bati zikasikika kama kawaida. Simlaumu chifu. Alikuwa na sheria mkononi, sisi tulikuwa na mpunga unaoliwa.

Kilichobadilisha mambo, kwa upande wetu wa mfereji, kilianzia kwenye chama chetu cha akina mama, na hakikuanza kwa ajili ya elimu. Kilianza na ugomvi. Mama mmoja alimshutumu mwenzake kwamba mtoto wake anawafukuza ndege makusudi waangukie jaruba lake. Mwenzake akajibu kwamba hata wa kwake hufanya hivyo hivyo. Basi nyanya mmoja, ambaye kwa kawaida huja kutoa mchango wake na kusinzia, akafumbua macho akasema, "Kwa hiyo watoto wote hawa wanarushiana ndege siku nzima, na ndege anashiba?" Tulicheka, kisha tukanyamaza. Ilikuwa kweli. Kila mtoto alisimama kwenye kipande cha kwao, akimsukumia jirani, na jirani akimrudisha. Watoto kumi walikuwa wanafanya kazi ambayo watu wazima watatu, wakitembea kwa mpango kuzunguka vipande vyote kumi, wangeifanya vizuri zaidi.

Tukatafuta watu wazima watatu. Hapo tukakwama mara mbili. Kwanza ilikuwa aibu: vijana waliomaliza shule na hawana kibarua walitucheka, eti kuwinga ni kazi ya watoto. Sijui nani aliyeanza kuwaita "askari wa ndege", lakini jina lilishika, na kijana wa kwanza aliyekubali alikuja amevaa koti la mvua na filimbi shingoni kama refa. Baada yake hatukukosa. (Hadi leo nashangaa jinsi jina linavyoweza kupandisha kazi cheo huku mshahara ukibaki pale pale.)

Mshahara ndio ulikuwa kikwazo cha pili. Askari anataka pesa yake Jumamosi, na mkulima hana pesa mpaka avune. Ndipo chama kikafanya kazi yake: kinalipa kila wiki kutoka kwenye akiba, na mwanachama hurudisha baada ya kupura, kwa gorogoro za mpunga, yale makopo ya kupimia nafaka, kulingana na ukubwa wa kipande chake. Chama hungoja bei ipande kidogo kabla ya kuuza. Msimu wa kwanza tulipata hasara ndogo kwa sababu tuliuza kwa haraka kama wenzetu wote. Msimu wa pili tulingoja.

Aliyetusumbua mioyo ni yule yule nyanya. Analea wajukuu wanne peke yake; wazazi wao walizikwa wakati ule ambao ugonjwa ulikuwa unapita kila boma huku kwetu. Ana robo ekari ya kukodi. Akitoa gorogoro zake kama wengine, kinachobaki hakimfikishi Februari. Wengine walisema asitoe kitu, wengine wakasema asiyetoa leo kesho watakuwa watatu. Tulibishana vikao viwili. Mwishowe yeye mwenyewe akasema atawapikia askari uji wa asubuhi, na kila mmoja wetu amletee unga. Wajukuu wake wakarudi darasani. Nakiri nilikuwa upande wa waliosema atoe.

Mwalimu mkuu naye alitusaidia kwa njia ambayo hatukuitarajia. Hakuja kutuhubiria. Alikuja na rejista ya muhula wa tatu, akatuonyesha safu za majina na alama za kutokuwepo. Kila mama alitafuta jina la kwake kimya kimya. Kisha akatukumbusha jambo la kichocho. Mtoto anayeshinda miguu mitupu kwenye maji ya majaruba ndiye anayekipata, na dawa zake hugawiwa shuleni. Asiyekuja shuleni anakosa somo, na siku hiyo anakosa na dawa ya ugonjwa aliouokota shambani kwetu. Hilo liliniingia kuliko vifungu vyote vya sheria.

Msiandike kwamba Ahero tumemaliza tatizo. Ng'ambo ya barabara bati bado zinalia. Hata kwetu kuna msimu ulioturudisha nyuma, na hapo ndipo penye jibu langu kuhusu serikali.

Maji yetu hayaji yenyewe. Huvutwa kwa pampu kutoka Mto Nyando. Pampu ikisimama, wa karibu na mfereji mkuu wanapanda, wa mwisho wanangoja wiki tatu, nne. Mpunga ukipandwa wakati mmoja, unakomaa wakati mmoja, na ndege wanatawanyika juu ya mamia ya ekari, kila mtu anapoteza kidogo. Ukipandwa kwa vipande, kipande kinachotangulia kukomaa kinabeba kundi zima, na cha mwisho vivyo hivyo. Mwaka huo wa pampu, askari watatu hawakutosha hata kidogo. Wenye vipande vya mwisho waliwatoa watoto, na sikuwa na la kuwaambia. Watoto wawili walirudi Januari. Wa tatu, msichana wa darasa la saba, hakurudi. Sasa anauza mandazi stendi, na akiniona ananiamkia vizuri tu.

Kwa hiyo mkiniuliza serikali isaidie wapi, sitasema semina. Maji yatufikie sote katika wiki moja. Ofisa wa elimu akisoma hapa atadhani nimekosea meza, kwamba barua hii ingeenda kwa watu wa umwagiliaji. Ningependa wasome wote wawili, tena kwenye meza moja.

Kuna neno jingine, kwa wale wanaokuja na kamera. Si kila mtoto mwenye jembe ameibiwa utoto. Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13, mradi isimdhuru wala isimharibie masomo. Binti yangu mdogo hupalilia nami Jumamosi asubuhi, na analalamika kama mimi nilivyolalamika kwa mama yangu. Kipimo chetu ni cha kienyeji tu: je, Jumatatu yuko macho darasani?

Kijana wangu, mkitaka kujua, alirudia darasa la sita. Alikasirika, akakua kuliko wenzake, akamaliza. Leo yuko Nakuru anajifunza ufundi wa umeme, na akipiga simu mwezi wa Oktoba huuliza ndege kabla hajaniuliza hali.

Alhamisi tunakutana kupanga askari wa msimu huu. Wawili wamekubali. Yule wa filimbi amepata kazi ya kuendesha boda boda, na anataka kujua kama anaweza kuwinga alfajiri kabla hajaenda stendi. Nyanya amesema uji upo, lakini magoti yamekataa kutembea hadi majarubani, kwa hiyo tunatafuta wa kuubeba. Mjukuu wake mkubwa amejitolea. Tumemwambia hapana, saa hiyo ni ya shule.

Msomaji wenu,
Ahero, Kisumu