Je, ubongo unaweza kuamua kunywa kabla ya mtu mwenyewe?

SWALI: Daktari, mimi ni dereva wa boda boda hapa Busia, upande wa Uganda. Waragi, ile pombe kali ya kwetu, ilinishinda mpaka nikakaribia kuuza pikipiki. Mwaka jana nilikwenda kukaa kwa kaka yangu Mbale miezi minne. Sikuonja hata tone, na hamu yenyewe ikaisha. Niliporudi nyumbani, wiki ya kwanza tu, jioni baada ya kazi, nikashtukia nimeshavua helmeti, nimekaa kwenye kibanda kile kile, glasi iko mkononi. Naapa sikuamua kwenda. Mama watoto anasema huo ni uongo wa walevi. Kitaalamu jambo hili linawezekana?

JIBU: Linawezekana, ndugu yangu, na ninakuamini.

Nimeitazama sana hiyo helmeti. Kabla ya kuivua ulipunguza gia, ukakata kona, ukaegesha, ukazima injini. Yote hayo yanahitaji ubongo ulio macho. Ila jambo likirudiwa mara nyingi, mahali pale pale, saa ile ile, ubongo hulikabidhi sehemu zake za mazoea, na fahamu hubaki huru kuwaza mengine. Ndiyo maana hufikirii klachi unapobadilisha gia. Njia ya kutoka steji hadi kibandani ulishaijifunza hivyo hivyo.

Lakini mazoea peke yake hayaelezi mvuto. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alipima seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na kutaka kitu. Mwanzoni zilichangamka nyani alipopewa maji ya matunda. Alipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia maji hayo, seli zikawa zinachangamka kwa ishara. Maji yenyewe yakija, zimetulia. Kwako ishara ni nyingi: jua kuzama, noti za mapato ya siku mfukoni, sauti za wenzako, harufu ya nyama choma. Kila moja huamsha kutaka kabla glasi haijaonekana. Na kutaka si sawa na kufurahia. Wataalamu Terry Robinson na Kent Berridge walieleza mwaka 1993 kwamba kwa mraibu kutaka huzidi kukua hata raha ikiwa imebaki kidogo. Nadhani unalijua hilo kuliko mimi: glasi zako za mwisho, ni ngapi zilikuwa tamu kweli?

Ishara haihitaji hata kuonekana kwa kujua. Mwaka 2008 Anna Rose Childress na wenzake huko Philadelphia walichapisha utafiti juu ya wanaume 22 waliokuwa na uraibu wa kokeini. Waliwaonyesha picha za dawa hiyo kwa milisekunde 33, kisha picha nyingine ikaifunika papo hapo, hivyo hawakutambua wameona nini. Hata hivyo sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na tamaa ziliitikia.

Sasa Mbale. Hamu haikufutika kule. Ilikosa wa kuiamsha. Ukikaa bila kunywa, ubongo hujifunza jambo jipya juu ya lile la zamani, na hilo jipya hushikamana na mahali ulipojifunzia. Ukirudi Busia, la zamani linapata nguvu tena. Upande wa pili wa jambo hili ulionekana kwa askari wa Marekani waliotumia heroini Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia miaka ya 1970, akakuta kwamba wengi wa waliokuwa waraibu kule hawakurudia uraibu walipofika kwao. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini kuachana na mazingira yale ilikuwa kubwa. Hata vipakiti vya waragi vilipopigwa marufuku nchini mwaka 2019 nilifurahi, maana pakiti inayoingia mfuko wa shati ni ishara inayotembea na mtu kutwa nzima.

Kwa hiyo usingoje kupigana na hamu ukiwa umeshaegesha. Umechelewa. Panga asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia. Badilisha njia ya jioni, hata kama inakula mafuta zaidi. Pesa za siku zitume kwa simu kwa mama watoto kabla hujaondoka steji. Na uwe na sentensi moja iliyo tayari: "Wenzangu wakianza kusogea kibandani, nampigia kaka na kuwasha pikipiki." Ukiirudia, nayo itaanza kujiendesha yenyewe. Hamu ikikukuta njiani, kumbuka hupanda kisha hushuka, hata usipoitimizia.

Mwambie mama watoto hivi: hukuchagua ile jioni kwa kujua, lakini njia ya kesho unaichagua wewe, na unamwomba awe shahidi. Ana haki ya kutaka kuona vitendo, amevumilia mengi.

La mwisho, nakusihi. Ikiwa umerudia kunywa kila siku, usiache ghafla peke yako. Mikono kutetemeka na jasho ni dalili za mwili kukosa pombe, na zikifika kuona visivyokuwepo au degedege ni hatari ya kufa. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, na Butabika, Kampala, ina wodi ya walioathiriwa na pombe na dawa za kulevya. Uliza huko pia kuhusu dawa za kupunguza hamu, na kaka yako akusindikize.